Matende na mabusha Dar es Salaam: vidonge, chandarua au karo? Mtaa uanze na kipi

Kamati ya mtaa ikipata fungu dogo la afya, mapendekezo huwa yaleyale. Mmoja anataka mashine ya kupuliza dawa, mwingine anataka vyandarua, wa tatu anasema Serikali ilishaleta vidonge, kwa hiyo hakuna la kuongeza. Wote wanamzungumzia mnyoo mmoja, ila kila mmoja anataka kumkamatia mahali pake. Hapa njia hizo tunazipima moja baada ya nyingine: inaua nini, inadumu muda gani, inaharibikia wapi, na mtaa wa aina gani unaihitaji.

Mnyoo mwenyewe ni Wuchereria bancrofti. Wakubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu, kwa kawaida miaka 4 hadi 6, na jike humwaga watoto wasioonekana kwa macho, maikrofilaria, ambao hujitokeza kwa wingi kwenye damu ya karibu na ngozi kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Hizo ndizo saa za kuleksi, mbu wa kahawia anayelia sikioni taa ikizimwa. Akiwanyonya, hukomaa ndani yake kwa siku 10 hadi 14, kisha wanamwingia mtu mwingine kupitia tundu la kuumwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na minyoo miaka mingi bila dalili yoyote huku akiwalisha mbu wa jirani zake.

Tanzania ilianza kumezesha kingatiba mwaka 2000 kisiwani Mafia, na Dar es Salaam ikaingia mwaka 2006. Lengo la dunia la kuutokomeza ugonjwa huu lilikuwa 2020, sasa limesogezwa hadi 2030.

Kwa nini mji una hesabu yake

Vijijini mnyoo huyu mara nyingi hubebwa na anofelesi, mbu yuleyule wa malaria. Kooni mwa anofelesi mna meno yanayowararua maikrofilaria wengi kabla hawajafika tumboni. Damu ikishakuwa na wachache, karibu wote hufia hapo, na maambukizi huweza kujizima yenyewe. Kwa kuleksi kizuizi hicho ni hafifu. Hata mtu mwenye vijidudu vichache damuni bado anaweza kumwambukiza mbu huyu. Sasa ukichukua kuleksi anayezaliana kwenye shimo la choo lililojaa maji, na mji ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, unaona kwa nini mizunguko michache ya vidonge iliyotosha kijiji fulani inaweza isiutoshe mtaa wa Manzese.

Hata hivyo asije mtu akasema vidonge haviwezi mjini. Sri Lanka, Misri na Brazili, ambako mbeba mnyoo ni kuleksi huyuhuyu, zote zimethibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeumaliza kama tatizo la afya ya jamii: Sri Lanka mwaka 2016, Misri 2018, Brazili 2024. Na ngome ya mwisho ya Brazili ilikuwa Recife, mji wa pwani wenye joto, mabonde na majitaka ya wazi. Mtu wa Jangwani akipelekwa huko hatajiona mgeni sana.

Jambo jingine la kuliweka akilini kabla ya kuchagua: kuambukizwa ugonjwa huu si kama malaria, ambayo mbu mmoja anaweza kukulaza. Watafiti Hairston na de Meillon mwaka 1968, wakitumia takwimu za mji wa Rangoon, Burma, walikadiria kuwa inachukua takriban miumo 15,500 ya mbu wenye mnyoo aliyekomaa ili mtu mmoja afikie hatua ya kuwa na maikrofilaria damuni. Ugonjwa huu unategemea wingi wa kuumwa. Kila njia inayopunguza idadi ya mbu, hata isipowamaliza, inahesabika.

Kingatiba: dawa mbili au tatu

Mchanganyiko uliozoeleka hapa nchini ni ivamektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka. Albendazoli ni kidonge kimoja cha miligramu 400. Ivamektini hupimwa kwa urefu kwa fimbo yenye alama: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja cha miligramu 3, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 na kuendelea vinne. Hawapewi watoto wasiofika sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa mahututi.

Dawa hizi huwafagia maikrofilaria, lakini mnyoo mkubwa kwa sehemu kubwa hubaki hai akiwa amedhoofishwa uzazi kwa miezi kadhaa. Ndiyo sababu ya kurudia angalau miaka 5, huku watu wasiopungua asilimia 65 ya wakazi wote wakiwa wamemeza kila mwaka. Wakazi wote maana yake hata watoto wachanga wasioruhusiwa kumeza wamo kwenye hesabu ya chini.

Mchanganyiko wa dawa tatu unaongeza dietilkabamazini, DEC kwa kifupi. Dozi moja ya zote tatu huwaondoa maikrofilaria kwa walio wengi kwa miaka miwili hadi mitatu, na mizunguko miwili mizuri inaweza kufanya kazi ya mitano. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2017 kwa maeneo yenye sifa, na Kenya iliitumia pwani yake mwaka 2018. Inavutia, lakini ina sharti gumu: DEC haipaswi kupewa mtu mwenye minyoo ya usubi, ule wa upofu wa mto, kwa sababu inaweza kumharibu macho. Tanzania ina maeneo ya usubi, Mahenge likiwa mojawapo, na Dar ni mji wa wahamiaji. Mpangaji wa Tandale anaweza kuwa amekulia Ulanga. Uamuzi huo ni wa Wizara, si wa mtaa, hivyo mwenyekiti akibanwa kwenye mkutano kwa nini tusiletewe ile ya dawa tatu, jibu lipo.

Kilicho mikononi mwa mtaa ni namna ya kumezesha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia.

Nyumba kwa nyumba inakupa orodha: nani kameza, nani hakuwepo, nani kagoma. Udhaifu wake ni saa. Mgawa dawa akipita saa 4 asubuhi atakutana na mama, bibi na watoto, wakati wanaume wa miaka 20 hadi 45, ambao ndio hukosekana zaidi, wako Kariakoo, gereji au kwenye bodaboda. Kupita saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumapili, kunawapata wengi kuliko kuongeza siku tatu za asubuhi.

Vituo vya wazi, yaani sokoni, stendi ya daladala au kijiweni, vinamezesha wengi kwa siku moja na vinawapata wanaume haohao. Ila aliyemeza Mwenge anaweza kuwa mkazi wa Tegeta, na huwezi kujua ni nani kwenye mtaa wako hajawahi kumeza hata mara moja. Mtu wa aina hiyo, anayekwepa kila mwaka, ni hatari kuliko watu kumi wanaoruka mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa ndiye ghala la mnyoo. Tunashauri nyumba kwa nyumba iwe mhimili, na vituo vitumike siku mbili za mwisho kuokota waliobaki, kila mmoja akiandikwa jina la mtaa anaolala.

Halafu ipo hesabu inayodanganya. Daftari la mtaa lina watu 4,500. Wamemeza 3,000. Asilimia 67, watu wanapigiana makofi. Lakini wapangaji wa vyumba vya uani hawakuandikishwa, na ukihesabu kweli mtaa una watu 6,000. Umemezesha asilimia 50. Kabla ya kumezesha, mjumbe wa shina apite na kuuliza swali moja tu kila mlango: jana usiku wamelala wangapi hapa? Usiulize wanaishi wangapi. Mwenye nyumba atakutajia familia yake na kukusahaulia wapangaji.

Maudhi ya dawa nayo yaelezwe mapema. Kichwa, homa, kizunguzungu, na kwa baadhi ya wanaume korodani kuvimba na kuuma ndani ya siku chache, ni matokeo ya minyoo kufa mwilini. Mwenye minyoo mingi ndiye huumwa zaidi. Asipoambiwa kabla, ataenda kijiweni kusema amepewa dawa ya kukata nguvu za kiume, na mwaka unaofuata hutampata yeye wala wenzake kumi. Dawa imezwe baada ya kula na mbele ya mgawaji. Kidonge kinachopelekwa nyumbani kwa ajili ya baba akirudi, kihesabu kimepotea.

Karo na shimo la choo: hapa mtaa una nguvu

Vidonge hutoka Serikalini na ratiba si yako. Mashimo ni yako. Kuleksi hupenda maji machafu yaliyotulia, na katika Dar, hasa Tandale, Manzese, Mburahati, Buguruni na Keko, ambako maji ya ardhini yako juu, shimo la choo mara nyingi huwa na uso wa maji karibu mwaka mzima. Shimo kavu lenye kinyesi kigumu halizalishi mbu. Usipoteze dawa huko.

Jinsi ya kujua: saa 12 jioni funika tundu la choo kwa fremu yenye kipande cha chandarua, ziba pembeni kwa matambara, na uzibe bomba la hewa. Asubuhi hesabu mbu walionasa chini ya wavu. Waambie wenye nyumba mapema, au watoe choo kingine kwa usiku huo. Ukiona makumi kadhaa, shimo hilo ni la kwanza kwenye orodha. Ukiona wawili watatu, nenda kwa jirani. Mara nyingi mashimo machache ndiyo yanayolisha mbu wa mtaa mzima, na kuyajua hayo kunaokoa fedha kuliko aina ya dawa utakayochagua.

Kwa mashimo, watu wa Dar wana machaguo manne:

| Njia | Inavyofanya kazi | Inadumu | Inaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Punje za polistirini | Zinaelea na kufunika uso wa maji. Kiluwiluwi hapati hewa na jike hapati pa kutaga | Miaka, shimo lisipofurika wala kunyonywa vibaya | Mafuriko, kutapisha, mtaro wa wazi |
| Griselesf | Bakteria anayeliwa na kiluwiluwi na kumpasua utumbo. Anastahimili maji machafu | Wiki kadhaa. Mashimo hurudiwa kila miezi 3 | Usugu ikitumika peke yake miaka mingi |
| Bactivec | Bakteria wa jamii nyingine, hufanya kazi hiyohiyo | Takriban wiki moja | Maji machafu sana, jua kali |
| Oili chafu | Utando unaomziba kiluwiluwi pumzi | Siku chache, sabuni ikiingia hukatika | Kila mahali penye kisima jirani |

Oili chafu tuimalize haraka. Inafanya kazi siku mbili tatu, kisha maji ya kufulia yanaukata utando. Katika mji ambao watu huchota visima vifupi mita chache kutoka chooni, kumwaga oili ya gari shimoni ni kujinywesha.

Punje za polistirini ndizo tunazozipenda kwa shimo la choo lililoko mahali pasipofurika, na ushahidi wake hatukuufuata mbali. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988 mashimo yote yenye maji yaliwekewa punje na watu wakapewa DEC. Mwanzoni karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na maikrofilaria. Baada ya miaka michache walishuka hadi asilimia 3 hivi na hawakurudi juu. Kijiji cha kulinganisha, kilichopewa dawa bila punje, mbu waliendelea na ugonjwa ukaanza kupanda tena. Hata wasioamini habari za minyoo walizishangilia punje, kwani kelele za mbu usiku zilikoma. Hilo ni jambo vidonge haviwezi kukupa: matokeo ambayo mtu anayasikia kwa masikio yake.

Hesabu yake ni rahisi. Tabaka la sentimita 2 kwenye mita moja ya mraba ni lita 20, yaani ndoo moja ya kawaida. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 linataka lita 23 hivi, ndoo moja na lita tatu. Karo la mita 2 kwa 1.5 linataka lita 60, ndoo tatu. Pima upana wa shimo ndani, si wa sakafu juu. Mashimo mengi yamechimbwa mapana chini kuliko slabu inavyoonyesha, na hapo ndipo watu huweka nusu ya kinachohitajika, tabaka likaacha mwanya, na kuleksi akautumia mwanya huo kama hakuna kilichotokea.

Punje ghafi ni ndogo kama mchanga mnene na hupanuka mara nyingi zikitiwa kwenye maji yanayochemka, hivyo kubeba ghafi kunapunguza nauli. Chemsha nje, kwenye hewa ya kutosha: punje ghafi zina gesi ya pentani inayoshika moto, kwa hiyo toa sufuria motoni kwanza, kisha mimina kikombe kimoja kimoja, koroga kwa dakika moja au mbili na uziopoe kwa chujio. Zikibaki muda mrefu hushikana na kuwa donge, na donge halifuniki. Kuzimimina shimoni tumia faneli ya karatasi ngumu au chupa iliyokatwa, saa ambayo hakuna upepo. Punje zinazotapakaa uani huishia mtaroni, na tumeshapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019. Hatuna sababu ya kuanzisha takataka nyingine.

Adui mkubwa wa punje Dar ni kutapisha. Mvua ya masika ikipiga, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo, majitaka yanamwagika mtaroni, na punje zote zinaondoka nayo kwenda Msimbazi na baharini. Kwa hiyo Jangwani, mabonde ya Vingunguti na kando ya mto Kizinga, usiweke punje hata kama umepewa bure.

Huko Griselesf ndiyo jibu. Inatengenezwa Kibaha, kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba, na maji machafu hayaiuwi upesi. Kipimo fuata lebo, na lebo hupima kwa mita ya mraba ya uso wa maji. Wanyunyizaji wapya hukosea hapa: wanaona shimo refu wanaongeza dawa. Kiluwiluwi wa kuleksi anapumulia juu na kula karibu na juu. Kina hakina maana. Kosa la pili ni kunyunyiza kisha kurudi kesho na kulalamika kwamba bado kuna mbu. Pupa, yule aliyejikunja kama alama ya mkato, hali chakula, hivyo hafi. Ngoja siku 3 hadi 4, kisha chota mara kumi kwa kikombe cheupe chenye mpini mrefu. Ukikuta viluwiluwi wakubwa bado wapo, kuna mahali dawa haikufika.

Bactivec ina nguvu kwenye maji masafi na ya wazi: madimbwi, bustani za mchicha za mabondeni, misingi ya nyumba iliyoachwa. Inamuua anofelesi na pia mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar mwaka 2014 na 2019, ambaye Griselesf haimfanyi kitu cha maana. Kwa hiyo mtaa wenye matairi na ndoo za akiba usitegemee Griselesf peke yake. Kuna sababu nyingine ya kuwa na zote mbili: Recife, kuleksi waliopewa bakteria wa aina ya Griselesf kwa muda mrefu walionekana kujenga usugu, na tiba yake ni kubadilishana na Bactivec. Mpango wa Dar wa kuua viluwiluwi wa miaka ya 2000 ulifuata mgawanyo huohuo: maji ya wazi kila wiki, mashimo yaliyofunikwa kila miezi mitatu.

Utakavyochagua, ziba nyufa za slabu kwa sementi na weka wavu kwenye bomba la hewa. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na gesi ya choo ndani ya muda mfupi. Tumia wa chuma kisichoshika kutu. Kazi ya nusu saa.

Mitaro, na mashine ya moshi

Mitaro inasafishwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tope linaachwa ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha. Bila toroli au gari la kulizoa siku hiyohiyo, usafi huo ni wa picha. Mtaro unaotiririka hauna shida. Shughulika na vipande vilivyosimama, chini ya vivuko vya nyumba hasa.

Kupuliza moshi jioni kunawaua mbu waliokuwa hewani saa ile. Kesho mashimo yanatoa wengine. Kunafaa kwa mlipuko wa dengi. Kwa matende ni fedha ya moshi.

Chandarua au nyavu za madirisha

Chandarua chenye dawa kinapunguza miumo ya usiku wa manane, wakati kuleksi amechangamka zaidi. Kuleksi wa Dar wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, zinazotiwa kwenye vyandarua, hivyo usitegemee afe akigusa. Tegemea kwamba hatapenya. Maana yake tundu dogo, ambalo zamani dawa ingelifidia, sasa ni mlango. Shona. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, watu hukivua chandarua na kuwasha feni, na feni ikikatika umeme, mbu wanarudi.

Nyavu za madirisha zinamlinda hata anayekaa kutazama taarifa ya habari saa 2 usiku, na haziondolewi kwa joto. Ila ni gharama ya mwenye nyumba, na huachwa mahali pawili: matundu ya hewa juu ya dirisha, na mwanya kati ya ukuta na bati. Kuleksi hupita hapo kwa raha zake. Mpangaji wa chumba kimoja anunue chandarua. Mwenye nyumba wa wapangaji nane aanze na nyavu pamoja na karo lake.

Kipimo kipi kinakuambia ukweli

Kipimo cha damu ya usiku, takriban mikrolita 60 kwenye kioo, huchukuliwa kati ya saa 4 na saa 8 usiku na kusomwa kwa darubini. Kinaonyesha nani anaweza kumwambukiza mbu leo. Ni kigumu kwa sababu ya saa, na watu hawafungui mlango usiku kwa wageni wenye sindano.

Kipimo cha haraka cha antijeni kinatumia mikrolita 75 za damu ya kidole saa yoyote, na husomwa dakika ya 10. Kusoma baada ya nusu saa ni kosa la kawaida. Mstari wa uongo hujitokeza. Kinamwona mnyoo mkubwa, si watoto wake, hivyo mtu aliyemeza kingatiba mwezi uliopita anaweza kubaki na jibu chanya kwa muda mrefu bila kuambukiza mtu. Usimwambie mtu kama huyo kwamba dawa imeshindwa.

Kwa kuamua kusimamisha kumezesha, halmashauri hupima watoto wa miaka 6 na 7. Mtoto huyo amezaliwa wakati dawa zikiendelea. Akiwa na mnyoo, ameambukizwa karibuni. Kiwango cha kufaulu palipo kuleksi ni watoto wenye jibu chanya kuwa chini ya asilimia 2, na tathmini hurudiwa. Shida ya mji ni kwamba wastani wa wilaya unaweza kufaulu huku bonde moja likiwa bado linawaka. Mtaa wenye mabusha mengi mapya kwa vijana ulipeleke jambo hilo kwa afisa afya wa kata, hata kama wilaya imeshatangazwa kufaulu.

Aliyekwisha vimba

Vidonge haviondoi busha wala matende. Busha ni upasuaji. Matende ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu fangasi na vidonda, kuinua mguu ukikaa, na kuvaa viatu. Homa za mara kwa mara hutokana zaidi na bakteria wanaoingia kwenye michubuko, ndiyo maana sabuni inazipunguza. Wasioelezwa hili humeza mara moja, hawaoni badiliko, na hawamezi tena.

Kwa hiyo uanze na kipi

Kama halmashauri yako bado inamezesha, fedha ya kwanza iende kwenye kuhesabu watu na kuwalipa wagawaji wapite jioni. Hakuna njia ya mbu inayofidia asilimia 50 ya umezaji.

Baada ya hapo angalia maji. Manzese, Tandale ya juu, Mburahati na Keko pasipofurika: punje kwenye mashimo yaliyotoa makumi ya mbu kwenye kipimo cha chandarua, nyufa zizibwe, basi. Jangwani, Vingunguti na Mtoni: Griselesf kwenye mashimo kila miezi mitatu, Bactivec kwenye madimbwi kila wiki baada ya mvua, na usahau punje. Mbezi au Kigamboni, nyumba zimetawanyika na mashimo mengi ni makavu: kagua machache, weka nyavu za madirisha, fedha iliyobaki ipelekeni kwenye upasuaji wa wazee wenye mabusha walioko kwenu. Kama kumezesha kumeshasimama, karo ndilo linalobaki kuwalinda, kwa sababu mhamiaji mmoja mwenye mnyoo bado atafika.

Punje ziwe zimeshaingia kabla ya Machi. Na siku gari la majitaka likija kunyonya karo lenye punje, mwambie fundi azamishe mpira chini ya tabaka na asimamishe pampu kabla uso wa maji haujaufikia mdomo wa mpira. Akinyonya hadi mwisho, ndoo tatu za punje zitaondoka na gari, na mbu watakuwa wamerudi ndani ya wiki mbili.